Maziwa ya Mama

Leo mvua imenikuta mnadani Mlowo, na harufu ya mbuzi waliolowa imenirudisha kwetu, milimani Ileje.

Mama alikuwa amemzika mdogo wangu mchanga. Tangu siku hiyo alilala akiutazama ukuta, hali wala haongei. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, wakaondoka hajageuka.

Asubuhi moja ya baridi, baba aliingia amekumbatia mwanambuzi. Mbuzi aliyemzaa alikuwa amekufa. Baba alimlaza jikoni karibu na moto, akaenda kuomba maziwa kwa jirani. Mwanambuzi akaanza kulia, sauti nyembamba kama ya mtoto.

Nilisikia kitanda kikilia. Mama alikuja akijikokota, akachuchumaa, akamfunika kwa khanga yake. Kifua chake kilikuwa bado kimejaa. Akakamua maziwa kiganjani, mwanambuzi akalamba.

Baba aliporudi alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

“Baba,” mama alimwambia, “nilimuuliza Mungu kila siku haya maziwa kaniachia ya nini.”

Mama akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyerudi safari.

“Na wewe mwanangu, umekula?”