Machela ya Kwenda Ujerumani

Wewe ukiugua ugenini, nani atakubeba? Mwaka 1996 Kabula wa Kakese alialikwa Ujerumani na wanawake wa parokia rafiki, na ubalozi ukataka jibu la swali hilo. Bila bima ya afya ya safari, hapati viza.

Kabula ndiye kiongozi wa machela kijijini kwetu. Mgonjwa akizidiwa, yeye hupiga filimbi, na kila kaya hutoa mtu wa kumbeba mpaka hospitali ya Mpanda. Nilipomweleza habari za bima, aliamua wauze dume moja. Mumewe, Mzee Mwandu, akakataa.

"Ng'ombe anauzwa mtu akishaugua," alisema. "Kumuuza kabla ni kuuita ugonjwa."

"Baba Nkwabi," Kabula alimwita kwa jina la mtoto wao, "juzi ulimbeba nani?"

"Mama Lidia. Mzito yule."

"Na wewe ulikuwa unaumwa?"

"Mimi? Mzima kabisa."

"Basi ulibeba ukiwa mzima, ili siku yako nawe ubebwe. Bima ni machela ya kule. Nisipoishika mapema, nitaachwa njiani."

Mzee alicheka kidogo. Niliondoka nikiamini kwamba nchi hii itajengwa na watu kama Kabula, wasiosubiri maafa ndipo washikane.

Asubuhi yake, nikienda shuleni kufundisha, nilimkuta Mzee Mwandu akiswaga dume lake jekundu kuelekea mnadani. Shikamoo yangu aliiitikia bila kusimama.