Bibi Arusi Juu ya Paa

Wapwa zangu ni watu wa filamu. Wanaziangalia kwenye simu wakiwa wamelala chali, huku wanakula karanga, na kila Jumapili baada ya ibada wananifanyia mtihani. Tantini, wananiita hivyo kama shangazi yao, ile kubwa ya zamani, ambayo kila mpenzi wa sinema ameiona, umeiona? Sijaiona. Na ile nyingine? Hata hiyo sijaiona. Wanashika vichwa. Mtu anawezaje kujiita mpenzi wa sinema na hajaona hata moja ya zile ambazo dunia nzima inazilia?

Ninawajibu kwamba kuna moja inayozishinda zote, ninaijua tangu mwanzo hadi mwisho, na yenyewe pia sijaiona. Wanacheka mpaka karanga zinawapalia. Juzi mmoja wao, msichana mjuaji kama nilivyokuwa mimi, alichukua simu na kusema nimweleze tu hiyo filamu, ataipata kabla sijamaliza kunawa mikono. Nikamwambia akijaribu nitamnyang'anya simu. Akairudisha simu mfukoni kwa sababu ananijua.

Nilikuwa na umri wake vita vilipotukuta. Tulikaa Rwambuzi, mtaa wa Bunia, mashariki mwa Kongo, na ua wetu uligusana na ua wa rafiki yangu. Kabila lake na langu sitayataja. Mtu wa Bunia ameshajua, na asiye wa Bunia hatapungukiwa kitu. Kabla ya vita maana yake ilikuwa ndogo: mama yake alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa karanga, mama yangu kwa mawese, na kila mmoja alimhurumia mwenzake. Sisi wawili tulikuwa wagonjwa wa filamu. Tulikuwa tunaziomba, tunaziazima, na tukikosa kabisa tulisimuliana zile tulizokwisha kuona na kugombania nani alikufa kwanza.

Filamu ndefu zilikuja kwenye kaseti mbili, na kwa hizo tulikuwa na sheria. Kaseti ya kwanza inalala kwa mmoja, ya pili inalala kwa mwingine, mpaka siku ya kuangalia. Hivyo hakuna atakayeiba. Tulipendana sana, lakini kwa mambo ya filamu hatukuaminiana hata kidogo, na hadi leo naona tulikuwa na akili.

Basi mzungu mmoja, daktari aliyekuwa akifunga virago upande wa Nyankunde, aligawa vitu vyake kabla ya kusafiri. Baba wa rafiki yangu alirudi na sufuria, viatu vya mvua na kaseti mbili zisizo na jalada. Alisema daktari alimwambia hiyo ni filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, na kwao mtu asiyeiona hawezi kukaa mezani na watu wa sinema. Tulirukaruka uani kama vifaranga. Tukakubaliana Jumapili, siku ambayo baba yake huwasha jenereta. Yeye akachukua ya kwanza, mimi ya pili.

Jumapili ilifika na bunduki. Asubuhi yake niliingia kwao kwa tundu letu la ua na nikakuta mlango wazi, maharagwe bado moto juu ya mafiga, na hakuna mtu. Jirani alisema wameteremka njia ya Kasenyi, kwenye ziwa. Nilikaa karibu na yale maharagwe na nikamkasirikia. Hakuniaga. Baadaye hasira ikageuka hofu, na hofu hiyo ilikuwa na vichwa viwili: kwamba amekufa, au kwamba yu hai na ameshafundishwa kunichukia. Miaka ile kazi ya kufundisha chuki ilikuwa na walimu wengi.

Nyumba yetu ikajaa. Ndugu walitoka vijiji vya Djugu na magodoro kichwani, na pamoja nao alikuja mama mdogo wangu, mwanamke mnene aliyetembea njia nzima amevaa nguo zake zote nzuri, moja juu ya nyingine, akivuta mbuzi. Ndivyo tulivyokimbia. Kitu kilicho mwilini hakiporwi upesi, na mbuzi anatembea mwenyewe. Akafika kama bunda la soko, akavua vikwembe, vitenge vyake, kimoja baada ya kingine, na katikati akatokea yeye.

Huyo ndiye aliyeikuta kaseti chini ya mto wangu. Nilimweleza sheria yetu, kwamba siwezi kuitazama bila mwenzangu. Alinisikiliza vizuri, maana ni mtu wa heshima, halafu akaangalia watoto waliokaa ukutani tangu asubuhi bila kusema neno.

“Mutoto wangu,” akasema, “ile sheria ni ya watu wenye kujua kesho iko wapi. Tia ile filme.”

Kuangalia filamu wakati ule kulihitaji hekima. Sisi nasi tulikuwa na televisheni, lakini jenereta yetu ndogo ililia kama mtoto anayeota meno, na mlio wa jenereta uliwaita wenye silaha. Lakini nyuma yetu kulikuwa na mashine ya kusaga unga, na alasiri ikinguruma, hata ungepiga ngoma hakuna wa kukusikia. Kwa hiyo tuliangalia alasiri, unga ukisagwa. Shida ilibaki moja, kicheko. Watu wengi wakicheka pamoja, barabarani wanasikia, na mtu mwenye bunduki huingia na kuuliza mnacheka nini, kwa sababu kwake wenye kucheka lazima wana chakula. Mama mdogo akatoa amri: kila mtu na kikwembe chake, ukitaka kucheka, kitie mdomoni.

Nikaitia kaseti. Ilianza hivi. Bibi arusi amekaa juu ya paa la nyumba, gauni jeupe, shela inapepea, na pembeni yake mbuzi, ameuma kofia nyeusi ya mwanamume. Bibi arusi anamwangalia mbuzi, na mbuzi anamwangalia bibi arusi. Chini, kijiji kizima kimeinua vichwa.

Basi. Alipandaje huko, mbuzi wa nani, kofia ya nani, yote yalibaki katika kaseti ya kwanza, na kaseti ya kwanza ilibaki Mungu anajua wapi.

Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyetatizika. Mama mdogo alielewa kabla picha haijatulia. Huyu amekimbia vita, akasema. Nguo nzuri zote mwilini, mbuzi mkononi, mahali pa juu ili uone wanaokuja: kulikuwa na nini cha kuuliza? Wote wakakubali kwa kichwa. Kofia ilikuwa ya mumewe, maskini, aliyebaki nyuma. Baba mkubwa, aliyekuwa katekista, alitaka kujua tu kwa nini hakuchukua sufuria.

Lakini ilikuwa inachekesha. Wale watu wa chini, kila jaribio la kumshusha lilikuwa balaa kuliko lililotangulia, na sisi na vikwembe mdomoni, mabega yakiruka, machozi yakitiririka, mwingine anapigapiga sakafu kwa kiganja. Chumba kizima cha watu wanaocheka bila sauti. Mtoto mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu afike kwetu alitoa kikwembe, akasema “mbuzi,” akarudisha kikwembe. Nikatoka nje nikalia, kwa furaha, na pia kwa sababu rafiki yangu hakuwapo kuona.

Tuliiangalia tena na tena. Kila ndugu mpya aliyefika na godoro, akishapewa maji na ugali, aliulizwa kama anataka kumwona bibi arusi. Mistari myeupe ikaanza kukata picha, sauti ikawa ya watu walio ndani ya pipa, na bado. Kisha yakaja mabishano kuhusu mwanzo. Mmoja alidai bibi arusi na mbuzi wamepitia dirishani. Mwingine alidai mbuzi ni wa mahari, na wazazi wakikimbia lazima mahari ikimbie nao. Jioni moja katekista alipotuombea, akawataja wagonjwa, akawataja waliopotea msituni, halafu bila kubadili sauti akamwombea yule bibi arusi juu ya paa, pamoja na mbuzi wake. Amina yetu ilipitia kwenye vikwembe.

Njia ya Kasenyi ilipofunguka kidogo, samaki wakavu walianza kupanda tena. Mwanamke mmoja aliyewaleta alipumzika kwetu, tukamwonyesha filamu. Alipoona tu ile shela akaweka kikombe chini. Alisema anaijua. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, kati ya watu waliokimbilia kule, kuna msichana anayeisimulia kila Jumapili. Walikuwa na kaseti, wakaipeleka kwenye banda la video la wavuvi, na ilipokatika pale bibi arusi anapofika juu, wavuvi walitaka kubomoa banda. Tangu hapo msichana anaisimulia kwa mdomo mpaka pale pale, halafu anasema iliyobaki iko Bunia.

Nilimshika mwanamke wa watu mikono yote miwili. Yu hai. Mama mdogo alinibeba juu, na mimi si mwepesi. Lakini kichwa cha pili cha hofu kilikuwa bado kinaniangalia. Nikamwuliza yule mwanamke, huyo msichana ananitaja? Anasema nini juu ya watu wa kwetu? Alijibu hajui, yeye alisikia habari ya mbuzi tu.

Alipokuwa anafunga mzigo alinitaka nimweleze bibi arusi alishukaje, ili akawaambie, maana kule watu wanakaribia kupigana. Nikakataa. Alishangaa. Mama mdogo alishangaa zaidi, akaniita mtoto mwenye roho ya jiwe.

“Umwambie hivi,” nikamwambia yule mwanamke. “Kama anataka kujua, arudi.”

Alikwenda. Na mimi nikabaki na mwisho wangu tumboni. Nilikuwa nimemtega rafiki yangu kwa chambo nilichokuwa nacho, na kila siku niliogopa kwamba atakuwa ameshapata mambo mengine ya kuwaza kuliko mwanamke wa gauni na mnyama wake. Nani anavuka ziwa kwa ajili ya nusu ya filamu? Mtu mwenye akili timamu havuki. Tegemeo langu lilikuwa kwamba hakuwahi kuwa na akili timamu.

Kaseti yetu hatimaye ililiwa na mashine, utepe ukatoka kama matumbo ya kuku, tukaizika uani kwa heshima. Askari wa nje walikuja, bunduki za mjini zikapungua, ndugu wakaanza kuangalia upande wa vijiji vyao. Watu wa pande mbili walianza tena kukutana sokoni, na salamu zao zilikuwa za kuangalia ardhi. Unasema habari, macho yako kwenye nyanya.

Nilikuwa nimeinama juu ya samaki, ninabishana na muuzaji kwamba hao si wa juzi. Sauti ikaja nyuma ya mgongo wangu, kavu, ya mtu aliyechoka na safari na aliyekasirika.

“Weye. Alishuka ao hakushuka?”

Sikugeuka mara moja. Niliogopa kwamba nikigeuka atakuwa mtu mwingine. Nilipogeuka alikuwa yeye, amekonda, na viatu vya mvua vya daktari mguuni, katikati ya kiangazi. Hakunisalimu. Aliniangalia usoni, siyo kwenye nyanya.

“Hakushuka,” nikamwambia. “Watu wote walimufuata kule juu.”

Nikamwambia yote, pale pale. Kwamba bwana arusi alipanda kumchukua akakwama. Padri akapanda kuwachukua wawili, akakwama. Wazazi, wapiga tarumbeta, mwenye ngazi na ngazi yake, mpaka chini hakubaki mtu, ndipo wakaamua arusi ifungwe hapo hapo, na walipoanza kucheza paa likachoka. Wakashuka wote kwa mpigo mmoja, kwenye meza ya karamu, ndani ya sahani. Mbuzi peke yake akabaki juu ya ukuta, na kofia kichwani.

Kicheko kilianza kumponyoka. Nikamwuliza haraka kabla hajapotea: walikuwa wanakimbia vita gani?

“Vita?” akasema. “Hakuna vita mule. Mbuzi ilikamata kofia ya bwana arusi, ikapanda nayo. Ye akafuata mbuzi. Ni vile tu.”

Miaka yote. Maombi ya katekista, sufuria iliyosahauliwa, mume aliyebaki nyuma, na kumbe mwanamke alikuwa anafuata mbuzi. Kicheko kilinipanda kutoka magotini, na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukachukua ncha ya kikwembe na kuitia mdomoni. Nikainama, mabega yakiruka, bila sauti. Yeye akaacha kucheka akanitazama. Nadhani hapo ndipo alipoona jinsi tulivyoishi. Akanishika mkono, akautoa mdomoni taratibu, pamoja na kikwembe.

“Cheka tu, ndeko, ndugu yangu,” akasema.

Nikacheka. Tukacheka kwa kelele za aibu, tumeshikana shingo, kiatu chake kimoja kikamtoka, na watu wa pande zote mbili wakainua macho kutoka kwenye nyanya zao. Mwenye samaki akafunika samaki wake kwa kitambaa na kutuuliza, sisi tunacheka nini.

Ni swali nililoliogopa muda wote wa vita. Tukakaa kwenye magunia yake tumweleze. Rafiki yangu akaanza, kwa sababu mwanzo ulikuwa kwake.