Jina Nililolisoma Saa Saba

Sikwenda Mlalo kutembea. Nilikwenda kuomba radhi kwa mama ambaye mimi, Zuhura, nilimpa habari ya msiba wa mwanawe kupitia redio.

Nilikuwa mwezi wa pili wa mafunzo ya utangazaji katika redio moja ndogo pale Lushoto. Mimi mtoto wa Tanga mjini, mdomo haujawahi kunipungukia, na kazi ya kwanza waliyoniamini nayo ilikuwa matangazo ya vifo. Jumatano ile akapiga simu mzee mmoja wa Mlalo. Daniel Yohana, kijana wao, pikipiki imemshinda kwenye kona za kushuka Mombo; amefariki. Akataja ndugu mmoja mmoja, nami nikaandika. Mwishoni akasema, "Msome baada ya saa kumi, mwanangu." Nikaandika na hilo, halafu nikalipuuza, nikidhani mzee anapenda tu kipindi cha jioni. Saa saba nikasoma, tena kwa mbwembwe. Muda ulinibana, nikaikata orodha ya ndugu.

Kumbe kule mtu haambiwi msiba akiwa peke yake shambani. Anaitwa nyumbani kwa kisingizio chochote, anakalishwa, majirani wanakusanyika, ndipo mkubwa mmoja anasema. Wazee walikuwa wanamngoja shangazi wa marehemu afike. Mama mtu alikuwa anapalilia maharage, redio kaitundika kwenye mti wa kahawa.

Jumamosi asubuhi, Lushoto. Maziko yalikuwa yamepita jana yake. Mhariri wetu, Mama Singano, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliiweka mbele yangu ile karatasi niliyoandikia tangazo.

"Hapa umeandika nini?"

"Baada ya saa kumi."

"Basi nenda Mlalo. Mzee aliyepiga simu atakupokea. Kinasa sauti kiache hapa. Ukirudi ndipo tutajua kama unabaki au unarudi kwenu."

Saa nne, njiani. Ukungu ulikuwa haujaachia mabonde, na kabichi zilipanda vilima ngazi kwa ngazi. Kondakta alinisikia nikiuliza nauli, akatabasamu. "Dada, sauti hii naijua. Si wewe wa redioni?" Wiki moja nyuma ningevimba kichwa. Nikamwambia hapana, si mimi. Mungu anisamehe.

Mlalo, karibu adhuhuri. Mzee alikuwa amesimama kituoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Haya, twende." Akavaa kofia yake, akatangulia. Tulipanda kilima tukiliacha kanisa nyuma yetu, tukapita nyumba za udongo zenye vibaraza vya mbao, mpaka kwenye ua uliotandikwa mikeka. Wanawake walikuwa wanazungumza Kishambaa. Waliponiona wakasogea kunipisha.

Mama yake Daniel alikaa katikati yao, mwembamba, kanga imefungwa kifuani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alifumba macho. "Sema tena."

"Shikamoo, mama."

"Ndiyo sauti yenyewe," akawaambia wenzake. Mmoja akaanza kulia.

Nikasema nimekosa. Nilipewa saa, sikuifuata. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri tangu Lushoto, lakini yote yalinikimbia, nikabaki nalia kama wao.

Aliningoja mpaka nikatulia. "Nilisikia Daniel Yohana wa Mlalo," alisema. "Nikajiambia, Daniel Yohana wako wengi hapa. Nikaacha jembe, nikasogea redioni, nikangoja umtaje mama yake. Hukumtaja. Ukaingia kwenye bei ya viazi. Nikakimbia mpaka barabarani, nauliza kila ninayekutana naye, mwanangu ni huyo au siye."

Ya Rabi! Ile orodha niliyoikata ndiyo iliyokuwa na jina lake, la kwanza kabisa.

Nilipewa ugali na maharage. Nilikula kwa shida, lakini nilikula, maana mtu ukimchukia humpi chakula chako. Wakati wa kuaga, yule mama alinipa karatasi iliyokunjwa. Lilikuwa tangazo la shukrani kwa waliowafariji.

"Kalisome wewe," alisema. "Kesho, saa kumi. Nitakuwa nimekaa na watu."

Jumapili, Lushoto. Mama Singano aliisoma ile karatasi, akaitazama saa ya ukutani. "Habari za kubaki tutaongea baadaye," akasema. "Ingia studio."

Siku hizi nikipokea tangazo la kifo nauliza kwanza kama mama wa marehemu yuko na watu. Lakini siku ile sikuwa nimejua hata kuuliza. Nilijua kusoma tu.

"Ruthi Yonathani wa Mlalo," nilianza, "mama mzazi wa marehemu Daniel Yohana." Nililitanguliza jina lake, ili safari hii asiwe na haja ya kukimbilia barabarani.