Nilimharibia binamu barua ya kazi

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsingizia. Mkinicheka, nimestahili.

Kambi moja ya watalii kando ya mto ilitaka mpokea wageni. Nafasi moja tu. Tukaomba wawili kutoka hapa Nyamwage, mimi na Shabani, mtoto wa mjomba. Kwetu binamu ni mtani. Anaweza kunifichia ndala msibani na mimi nikatakiwa kucheka.

Tuisheni ya Kiingereza tulisoma pamoja Kibiti, ila wiki ya vivumishi na vielezi Shabani aliumwa. Mimi nikaelewa vizuri neno gani lipambe jina, lipi lieleze kitendo, na kila moja likae wapi. Akaniletea barua yake. "Binamu, nitilie na mimi hayo mapambo. Hii kazi naitaka kweli."

Shetani akanipitia. Nikajiambia ni utani tu, na huku nafasi naitaka mimi. Kwa Kiingereza safi nikamwandikia ana cheti chenye njaa. Nikamfanya kijana mtamu, anayesalimia wageni kwa kishindo na kuogelea kwa majivuno. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yangu nikainyoosha, kila neno mahali pake.

Siku ya usaili tukaingizwa pamoja. Mama msaili akamtaka Shabani asome barua yake kwa sauti. Alipofika kwenye cheti chenye njaa akasita, akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze!

Akaangua kicheko. "Huyu ni binamu yangu," akasema, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akawaeleza utani wetu wote, hadi wa msibani. Yule mama alicheka akitokwa machozi.

Zamu yangu, nikaambiwa nisimulie chochote cha kwetu. Nikajikuta nakariri maana ya kielezi, mwanzo hadi mwisho.

Kazi kapata Shabani. Mimi nakaanga vitumbua stendi, naye huniletea watalii. "Huyu ndiye aliyeniandikia barua," huwaambia, nao wananipigia makofi. Nacheka, jamani, na roho inaniuma.

Wenye watani, nisikilizeni: mtani akikuomba jambo kwa dhati, utani weka kando siku hiyo. Sasa kambini wanaongeza mtu, na Shabani ndiye ananiandikia barua ya kunipendekeza. Kila nikimuuliza kaandika nini, anacheka tu.