Hodi ya Mektrida

Kwa miaka ishirini na sita Mektrida aliingia msituni kukata majani ya ng'ombe. Kila alipofika mahali migomba ya Kibosho inapoishia, aligonga mti kwa mgongo wa mundu na kuita, "Hodi!" Wanawake wa huku hufanya hivyo ili mnyama ajue kuna mtu, apishe.

Jumamosi ile alitakiwa anyamaze. Kikundi chetu cha kuongoza wageni kilikuwa kinamjaribu kwa siku moja. Rodrick, mwenyekiti, alimwambia, "Mama, wageni wanakuja kuona wanyama, siyo kuwafukuza. Ukipiga hodi yako leo, kazi anapewa Wilbert."

"Wilbert anayeogopa viwavi?"

"Ana cheti."

Mimi pia ninacho, cha chuo, na msitu huu nimefundishwa na mwanamke huyu aliyeishia darasa la nne. Tunasema msitu ni wa wananchi, kisha mwananchi akifika tunamdai cheti. Niligombana na wenzangu wa kikundi mwezi mzima hadi akapewa siku hiyo moja.

Wageni walikuwa wanne, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kule tambarare. Mektrida alitangulia, kimya, mimi na Rodrick tukiwa nyuma ya wageni, lakini mikono yake haikutulia. Alikaza kanga, akailegeza, akashika tawi. Kila baada ya hatua chache aligeuka kututazama mmoja mmoja.

Karibu na kijito akainua kidole. Mbega sita walikuwa juu ya mti mmoja, mikia myeupe ikining'inia. Mgeni mmoja, Eunike, alitoa simu apige picha, akarudi nyuma taratibu kuelekea kichakani ili awapate wote.

"Hodi!"

Mektrida alipaza sauti mpaka nikaruka. Mbega wakatoweka. Kichaka kikatikisika, kikatulia.

Rodrick alishika kiuno. "Kulikuwa na nini, Mama?"

"Nyati."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Ndiyo kazi ya hodi."

Wageni wakacheka. Niliingia kichakani, nikakuta kinyesi kikubwa kinatoa mvuke. Nilimwita Rodrick aje aone.

"Wageni hawakuja kuona mavi," alisema.

Eunike peke yake alikuja. Alitazama kile kinyesi, kisha mahali alipokuwa amesimama. Hatua tano. Akaketi chini, hakucheka tena.

Jumatatu asubuhi Wilbert alikuwa ameshavaa fulana ya kikundi. Mektrida akafika amevaa buti za mwanawe, akapita mbele yake hadi mlangoni mwa ofisi.

"Mama, tulishaongea," Rodrick alisema.

"Uliongea wewe. Wageni wa leo ni wangapi?"

Wageni walikuwa wamesimama uani, wawili, wanatazamana. Mektrida akawaendea, akakagua viatu vyao.

"Kaza kamba, mwanangu," alimwambia mmoja. "Huko juu kuna utelezi."

Yule kijana akainama, akakaza.