Mstari Mmoja Mgongoni

Mwaka 2017 nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba moja ya mtaa wa Observatory. Chumba cha mbele alikaa shoga yangu, msusi wa nywele kutoka Lubumbashi. Jumamosi moja asubuhi aliinua tofali penye kamba ya nguo, nyoka akamuuma kidole. Shoga yangu akamfunika nyoka kwa karai la kufulia, ndipo akapiga mayowe.

Mwenye nyumba alikimbia kutafuta ufunguo wa gari. Mimi nikampigia bwana mmoja mkamata nyoka, ambaye namba yake ilibandikwa kwenye spaza, duka dogo la kona. Akauliza kwa Kiingereza, kwa upole: nyoka ana mistari inayokata shingo, au mmoja unaofuata mgongo?

Simu yangu ilikuwa ya vibonyezo, haipigi picha. Ikabidi mimi, ambaye hata mjusi hunitoa chumbani, niinue ukingo wa karai kwa mpini wa ufagio.

"Mmoja," nikasema, "toka kichwani mpaka mkiani. Mwili kijani cha zeituni."

"Na huo mstari, rangi gani?"

Hapo ufundi wangu wa cherehani ukaniponza. Siwezi kuita kitu manjano wakati si manjano. Nikakimbilia kisanduku changu, nikarudi na uzi wa manjano na wa chungwa, nikazinyoosha mbele ya karai kama ninavyolinganisha uzi na kitambaa.

"Eish, dada! Sema tu jaune, manjano!" shoga yangu akalia. "Minakufa!"

Na kwa kuwa alikuwa anakufa, akaona bora atubu kabisa.

"Dada, unisamehe. Ile blauzi ulinishonea ya kwenda ku ndoa, siyaivaaka hata siku moya. Inanibana ku mikono. Niliipatiaka dada moya wa Hillbrow."

Nikamsahau nyoka. Blauzi ile niliishona siku tatu, na siku ya ndoa, kanisani, aliniambia imechafuka ndiyo maana hakuivaa!

"Inabana wapi? Kwapani au kwenye kiwiko?"

"Halo?" ikasema simu. "Rangi?"

"Kati ya manjano na chungwa!" nikamfokea yule bwana, maskini, asiye na kosa lolote.

Akacheka. Huyo hana sumu, akasema. Osheni kidonda kwa sabuni, mwonesheni nesi, na nyoka mwacheni aende akale panya.

Nilipomtafsiria, shoga yangu akakitazama kidole chake. Halafu akakumbuka aliyoyasema, akajifunika uso kwa kitenge. Nilifurahi mno kwamba hafi. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika mbili, kisha nikaanza kununa.

Aliporudi kutoka kwa nesi, nilikuwa namsubiri na futi yangu ya kupimia.

"Lete mkono," nikamwambia.

Akaunyoosha. Kwa kawaida napima mara moja tu, na sikosei, isipokuwa kwenye blauzi ile. Siku hiyo niliupima mkono wake mara tatu, maana nilikuwa nimeogopa sana, na sikutaka kuuachia.