Sukari ya Samaki wa Mama

Kazi yangu ni kutoa samaki damu. Nikisema hivyo mtaani, watu hunitazama kwa huruma, wakidhani nilisoma miaka yote hiyo nikakosa binadamu wa kudunga. Lakini samaki hana mdomo wa kusema anaumwa wapi. Damu yake ndiyo humsemea.

Mama alikuwa na tangi la samaki aina ya ngege nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Lucky Summer, mali ya chama cha kina mama wa kanisani. Chama kilimiliki, Mama akafanya kazi. Yeye ndiye aliyewalisha, akawabadilishia maji na kuwasengenyea majirani. Siku moja ngege mmoja akaelea, amekufa. Kufikia jioni mwenyekiti wa chama alikuwa ameshaamua: tangi limwagwe, wafuge kuku. Mama akanipigia simu mtaa wa Mowlem ninakoishi.

"Njoo uwapime," aliniambia. "Ukichelewa wanawamwaga."

Jumamosi nilifika na sindano, mafuta ya karafuu ya kuwatuliza samaki, na hamu ya kumkomoa mwenyekiti. Kipimo cha sukari niliazima kwa Mama, kile chake cha kudunga kidole, maana kinasoma hata damu ya samaki. Mama ni mgonjwa wa sukari, ingawa ukimuuliza atakwambia ni uchovu tu.

Nilikuwa nimeshamvua ngege wa kwanza nikamtia kwenye besheni, mwenyekiti, aliyekuja na chama chote na shemasi wao, aliponyoosha mkono kunizuia. Kwetu hakianzi kitu bila maombi, hata kikao cha kupanga maombi. Shemasi akafumba macho, akaombea tangi, maji, serikali ya kaunti, wasafiri na watahiniwa wote. Kina mama wakamzunguka ngege kumwekea mikono, naye akipigapiga mkia ndani ya besheni isiyomtosha. Waliposema amina, nilimdunga chini ya mkia nikaweka tone kwenye kipimo. Sukari ilikuwa juu mno.

Mwenyekiti alichungulia. Nusu ya chama hutumia kipimo hicho kila asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusomewa.

"Wana sukari," alisema.

Habari ikafika getini kabla sijafuta sindano. Kijana wa jirani akachungulia. "Niaje daktari, ati hao fish wako na sukari kaa shosho yangu? Sasa wataacha chapo?" Bibi yake alikuwa amekatazwa chapati hospitalini.

Nilieleza kwamba samaki akikimbizwa na kubanwa, mwili wake humwaga sukari kwenye damu ili apate nguvu za kutoroka. Kilichopimwa pale ni hofu, wala si ugonjwa.

"Kwa hiyo maombi yetu yanaleta sukari?" shemasi aliuliza kwa upole, nikajua nimeingia choo cha kike.

Mama ndiye aliyeniokoa. "Tuombe tena," alisema, "lakini samaki abaki kwenye tangi, asitusumbue." Nani angepinga maombi? Wakafumba macho. Nikamvua mwingine taratibu, nikamlaza kwenye maji ya karafuu hadi akatulia, na kabla shemasi hajawafikia wasafiri nilikuwa na jibu. Sukari ilikuwa ya samaki mzima kabisa. Nikampima na wa tatu, hali ni ile ile.

Mwenyekiti akatangaza kwamba wameponywa. Nilifungua mdomo, Mama akanikanyaga mguu, nikaufunga. Tangi likabaki.

Walipoondoka, Mama alikuwa akiimba. Nikatia karatasi mpya kwenye kipimo, nikamwomba kidole. Alinipa kwa madaha, kwa furaha ya siku ile. Jibu lilipita hata la ngege wa besheni.

"Mama, vidonge unameza?"

Alifuta kidole kwa leso. "Hiyo ni ya kukimbizwa. Hukuona mwenyekiti alivyonibana wiki nzima? Utanipima nikitulia."

"Utatulia lini?"

Akabeba kopo la chakula akaenda kuwalisha samaki wake. Nilibaki nimeshika kipimo, na niliogopa, kwa sababu hoja ile nilimfundisha mimi na sikuwa na nyingine ya kuipinga.